Barua ya Kuomba Ndege

Kumb. Na. – nikaacha wazi,
namba hutolewa masjala, na masjala ilikuwa imefungwa.
Yah: Maombi ya ndege.

Nikasita hapo.
Ndege tunao. Wamejaa.
Wanalala kwenye matete ya mbuga ya Bahi kama moshi uliokosa njia,
alfajiri wanainuka, na jua linachelewa.
Nikafuta, nikaandika upya:
Maombi ya ndege ya kuua ndege.
Mtendaji akasoma, akacheka, kisha akaacha kucheka.
Akagonga muhuri.

Mtama ulikuwa katika maziwa.
Ukiiminya punje inatoka nyeupe, tamu,
na kwelea kwelea anaijua siku hiyo
kuliko mimi niliyeisomea miaka miwili na kupewa cheti.
Mbegu ile niliigawa mwenyewe, mifuko ya ruzuku.
Damari Chiloleti alikwangua lebo kwa ukucha,
akatuma namba, simu ikajibu kwamba mbegu ni halali.
"Sasa iulize na mvua," akaniambia.

Mvua ilikuja. Hapo tulivuka.

Wizara iko Mtumba, siyo mbali.
Ukidamkia basi unafika walinzi wakifungua geti.
Lakini barua haipandi basi.
Barua inapanda ngazi.
Wilayani ilikaa siku mbili
ikingoja saini ya mtu aliyekwenda semina.
Mkoani wakapiga simu: eneo ni hekta ngapi?
Ndege wanakadiriwa kuwa wangapi?
Nikasema milioni mbili.
Sikuwahesabu. Nani huuhesabu usiku?

Mesheki, wa mwisho wa Damari,
alikaa siku tisa juu ya dungu na kombeo lake.
Shuleni wakamwandika mtoro.
Mimi nikamwandika kwenye safu ya "changamoto",
kati ya pikipiki kukosa mafuta na viwavijeshi.
Mama yake alipiga debe mpaka debe likapasuka.

"Serikali imesemaje?"
"Imepokea."
"Imepokea nini?"
"Barua."
Akalitazama shamba, upande wa magharibi
ambako masuke yalibaki mifupa.
"Na mimi nimepokea," akasema. "Mabua."

Ikaja Jumatano, jua likikaribia kuzama,
ndogo, ya manjano, ikiruka chini mno
hata ng'ombe wa kina Malogo wakavunja zizi.
Kutwa nzima nilikuwa nimezunguka na kipaza sauti:
msiokote, msile, msiteke maji ya mbugani siku tatu.
Mzee mmoja aliniuliza, kwa upole kabisa,
kama hiyo nyama yote inatupwa kwa kibali cha nani.
Rubani alipita mara nne juu ya matete.
Nilikuwa nimekunja ngumi, sijui kwa nini.
Sikuwahi kumpenda mtu nisiyemjua kiasi kile,
wala kumkasirikia.

Alhamisi anga ilikuwa anga tu.

Damari alivuna magunia manne.
Aliwahi kuota kumi na moja, akanunua kabisa uzi wa kushonea.
Ghalani, Wakala walikuwa na mzani uliohakikiwa,
bei imeandikwa kwa chaki ukutani, kubwa, bila haya.
Alisimama karibu na mshale, mikono nyuma,
kama mtu anayemchunga mwana asiibiwe.
Mshale ukatulia. Akautazama tena.
Akasema, "Huu haunung'uniki,"
na nikajua kwamba amesifu.
Hela iliingia kwenye simu wiki ya tatu,
usiku, akiwa amelala.

Fomu yangu ina safu ya ekari zilizookolewa.
Niliijaza. Nilipewa pongezi, na chai.
Safu ya uzi uliobaki haipo.

Sasa ni Januari, ardhi bado ina nyufa.
Nimeketi ofisini, nimeandika barua nyingine.
Damari amepita kuulizia mbegu, akachungulia mezani.
"Mbona mapema hivi?"
"Ngazi ni ndefu, mama."
Kumbukumbu namba ipo, muhuri upo, hata hekta zipo.
Tarehe tu nimeiacha wazi.
Hiyo wataijaza wenyewe, wale wa matete.